Rangi ya Ini

Mume wangu hakuwahi kuusifu mkeka wangu hata mmoja. Alikuwa akiukalia. Alikula juu yake, alijinyoosha juu yake akitoka msikitini Ijumaa, na siku moja wingu lilipotanda alichukua mkeka niliousuka kwa miezi miwili akafunika nao mbao zake zisilowe. Sikumlaumu. Kazi ya mkeka ni kukaliwa. Nililijua hilo tangu usichana wangu, nilipokuwa nikimsaidia bibi yangu kuchemsha ukindu, yale majani ya kusukia, kule Mbagala, na halikuwahi kuniuma mpaka alipokuja wifi yangu.

Tulikuwa tukikaa Temeke, vita kuu ya pili imekwisha karibuni. Temeke ya siku hizo ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mume wangu alikuwa seremala. Alijenga kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba, akawa anaranda mbao humo tangu asubuhi, na mie nikikaa kibarazani na kazi yangu. Tulisikiana bila kusemeshana, na tulikuwa na amani.

Kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kila mwanamke wa Pwani anajua. Watu walinifuata mie kwa sababu ya rangi. Kabla ya vita tulinunua unga wa rangi kwa Mhindi, umefungwa kwenye kipande cha gazeti: nyekundu, kijani, manjano, zambarau. Vita vilipokuja unga ukaadimika, tukarudia magome ya mkoko na bizari kama walivyofanya wazee wetu, na hata baada ya vita ulirudi dukani kidogo kidogo tu. Bibi alinifundisha kwamba rangi haziwekwi pamoja ovyo, sawa na watu. Zambarau ukiikalisha na kijani inatulia. Ukiikalisha na nyekundu zinagombana. Mkeka wa bi harusi uanze na joto katikati, upoe kidogo kidogo kuelekea pindo. Mkeka wa msibani usitiwe manjano. Hakunipa sababu.

Sababu niliijua mwenyewe nilipokwisha kuolewa. Niliona kwamba nikiwa na hasira mkono unakwenda wenyewe kwenye manjano. Na kila mwezi nilipotambua kwamba sikushika mimba, nilitia zambarau ukili mzima, na mwingine, na mwingine, mpaka zambarau inafika upana wa mkono. Watu walinunua mikeka hiyo wakaenda kuikalia. Hakuna aliyejua wamekalia nini, nami nilipenda iwe hivyo. Nilikuwa na mahali pangu pa kuweka mambo.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja mchana mmoja na sanduku la bati kichwani. Alikuwa ameachwa. Mumewe wa Kisarawe alimpa talaka, akabaki na watoto, na yeye akarudi kwa kaka yake kama ilivyo desturi. Nilimpokea vizuri, nasema kweli. Nilimpa chumba cha uani, nikamchinjia kuku. Alikuwa mwembamba, ana pengo la jino la mbele, si mwanamke ambaye mwanamke mwenzake angemwonea wivu.

Siku ya tatu alikaa uani kupepeta mchele, akaimba. Sauti yake haikuwa nyembamba ya kupendeza kama ya waimbaji wa harusini. Ilikuwa nzito kidogo, ina mkwaruzo chini yake. Sikumbuki aliimba nini. Nakumbuka kwamba randa ya mume wangu ilinyamaza. Nilidhani ubao umekwisha, nikangoja aanze mwingine. Hakuanza. Niliinuka nikachungulia kibandani, nikamkuta amesimama na randa mkononi, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Miaka sita nilikaa naye na sikuwahi kumwona amesimama hivyo kwa ajili ya kitu chochote nilichokifanya.

Tangu siku hiyo nilihesabu. Sikutaka kuhesabu lakini masikio yalihesabu yenyewe. Akiimba asubuhi, randa inasita. Akiimba alasiri, mume wangu anaacha kazi, anakuja kukaa juu ya mkeka, anamwambia, "Mdogo wangu, hebu irudie ile ya jana." Anairudia. Mume wangu anatazama mbele kama mtu anayeona kitu kwa mbali, huku kidole chake kikichokoa ukili wangu pindoni bila yeye kujua.

Haukupita muda, wanawake wa chama cha lelemama cha mtaani kwetu walimsikia wakamchukua. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake, wamejipanga mstari, sare moja, mwendo wa taratibu, zumari na ngoma vikiwafuata. Kila chama kilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa kwini, na kila chama kilikuwa na chama kingine cha kushindana nacho. Wetu walishindana na wanawake wa Kinondoni. Wifi yangu alipoingia, haikupita miezi mitatu akawa ndiye mwenye kutunga.

Alipokuwa akitunga alikuja kukaa nami kibarazani, eti kazi yangu inampa utulivu. Alikuwa na mazungumzo ya ajabu. Alisema, "Hapa wifi maneno ninayo, lakini sauti imekuwa ya kijani mno. Nataka kitu kilichoiva juani." Nilidhani anajidai. Kisha akajaribu tena, akaishusha sauti kidogo mwishoni, na mie niliyekuwa nimedhamiria kutomsikiliza nikaona, kweli, imeiva.

Siku moja aliukunjua mkeka niliomaliza, akautazama muda mrefu. Akaweka kidole mahali fulani.

"Hapa ulikuwa umekasirika, wifi."

Nikamwambia, "Hapo ukindu mwekundu uliniishia, nikatia manjano."

"Aa," alisema. Akasogeza kidole mpaka penye zambarau. Alinitazama usoni, akaukunja mkeka polepole, akanishika bega, akaenda zake jikoni.

Mtu mwingine angefurahi kupata mwenzake anayemwelewa. Mie niliona nimeibiwa. Kile kitu kilikuwa changu peke yangu miaka sita, na huyu mwenye pengo amekisoma kwa kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyosoma alifu na bee. Sauti anayo, masikio ya mume wangu anayo, na sasa ameingia na humu.

Mwezi uliofuata aliimba wimbo mpya kwenye harusi ya Mtoni. Sikwenda, nilisema kichwa kinaniuma. Kesho yake alikuja jirani mmoja, mama mnene wa makamo, hodi hodi, akapanda kibarazani na miguu yake ya vumbi akasimama juu ya mkeka uleule. "Jana ungekuwepo, mwanangu. Wifi yako katuimbia mwanamke anayeshona mwaka mzima kwa nyuzi za zambarau, anangoja mgeni asiyekuja. Tumelia. Sijui kayatoa wapi maneno yale." Alisema hayo, akapangusa kisigino chake kwenye ukili wangu wa zambarau, akaniomba maji ya kunywa. Nilimpa.

Basi ndivyo nilivyokuwa siku kwini wa chama chetu alipokuja nyumbani na jora la marekani. Kulikuwa na mashindano na Kinondoni Jumamosi ya tatu kutoka siku ile. Kanga za sare hazikutosha madukani, bado nguo zilikuwa za shida, ila kwa bahati alikuwa amepata jora moja la kitambaa cheupe. Alitaka nikitie rangi.

"Wimbo wetu ni wa furaha," alisema kwini. "Tuwake. Wakituona tu kabla hatujafungua mdomo wajue wameshindwa."

Wifi yangu akasema, "Nyekundu ya embe dodo, wifi. Upande ule uliopigwa na jua."

Nilijua anasema nini. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba aliiona rangi ileile niliyoiona mie. Nikakubali.

Siku ya kutia rangi mume wangu alisimama mlangoni akiwa na maranda ya mbao kwenye nywele. "Mtengenezee kitu kizuri," aliniambia. "Ameteseka sana yule. Hana kingine isipokuwa ile sauti." Akaenda zake.

Hana kingine. Watoto watatu aliokuwa nao Kisarawe hakuwahesabu, na mie ambaye sikuwa na hata mmoja sikumjia akilini. Nilisimama pale na jora mikononi. Nilikuwa nimeshatayarisha chungu kikubwa cha udongo, magome ya mkoko yamelowekwa siku mbili, na unga mwekundu kidogo niliokuwa nimeuhifadhi wa kuyachangamsha. Bibi yangu alikuwa ameniambia mara nyingi: magome ya mkoko hayachemshwi kwenye chuma, chuma hula wekundu wake. Niliacha chungu. Nilichukua debe kuukuu lililokuwa nyuma ya choo, limeliwa na kutu, nikamimina magome humo. Kisha nikaingia kibandani kwa mume wangu, nikaokota misumari iliyopinda kiganja kizima, nikaitumbukiza chini.

Sikujiambia chochote nilipokuwa nafanya hivyo. Nilikuwa mtulivu kuliko siku zote. Maji yalianza mekundu, yakawa kahawia, halafu taratibu yakaanza kukolea kwa ndani kama jipu linavyokusanya. Nilizamisha kitambaa nikakoroga kwa mti.

Wifi yangu alitoka jikoni. Alisimama kando ya debe. Alinyoosha mkono akauchukua ule mti, akainua kitambaa mpaka juu ya maji, akakitazama kinavyochuruzika. Akakiachia.

"Kitakauka lini?" aliuliza.

"Kesho mchana."

"Haya," alisema, akarudi jikoni.

Kesho yake jora lilitandazwa juu ya kamba kutoka mkorosho hadi mkorosho, na rangi yake ilikuwa ya ini. Ini la ng'ombe lililokaa buchani mpaka saa saba. Si nyekundu, si nyeusi, si zambarau, lakini zote tatu zilikuwamo ndani yake. Kwini alikuja, akashika kiuno.

"Hiki nini?"

"Magome yalikuwa ya mti mzee," nilisema. "Yamenigeuka."

"Tutakwenda Kinondoni tukiwa kama watu wanaotoka kuzika."

Nilitazama chini nikaomba radhi. Nilikuwa nangoja wifi yangu alie. Nilitaka kumwona akilia mbele ya kaka yake. Yeye akashika ncha ya kitambaa, akaipitisha shavuni.

"Tutavaa hiki hiki," alisema. "Nguo nyingine hatuna."

Jumamosi tulikwenda Kinondoni kwa lori la kubebea nazi, wanawake nyuma, sare zimefungwa kwenye bunda zisichafuke. Mume wangu alikuja pia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mashindano yalianza baada ya swala ya alasiri, kwenye uwanja mpana kati ya nyumba, watu wamezunguka pande zote. Wenyeji ndio waliotangulia. Walivaa manjano, kitambaa kipya kinachong'aa, na wimbo wao ulikuwa wa mbio na kejeli, zumari inapanda juu kabisa. Ile manjano na ile zumari vilikuwa kitu kimoja. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, na mie moyoni nikasema, imekwisha.

Wetu walipoingia mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa wametoka matangani?" Kicheko kikapita uwanja mzima. Nilimwona kwini wetu amekaza taya. Mpiga zumari akaweka zumari mdomoni, na wifi yangu akainua mkono kumzuia. Akamnong'oneza. Akawanong'oneza na wapiga ngoma. Kisha akasimama mbele ya mstari akaanza peke yake, bila zumari, ule wimbo ambao kwa wiki tatu niliusikia ukiimbwa uani kwangu kwa kurukaruka:

*Nimefika kwa jirani, nyumba yake inawaka,*
*si moto wa kuuzima, ni furaha imezuka;*
*nasimama mlangoni, nangoja kukaribishwa.*

Maneno hayakubadilika hata moja. Nyumbani yalikuwa ya kuchekesha, mgeni anaruka mlangoni ana hamu ya pilau. Sasa aliyaimba taratibu, kila neno analiacha likae, na kile kitambaa kikipanda na kushuka kwenye mabega ya wanawake ishirini, na hapakuwa na mgeni wala pilau. Palikuwa na mtu aliyesimama nje, anatazama mwanga kwenye nyumba ya mwenzake, na hakuna anayemwambia karibu. Alipofika mlangoni mara ya pili, ngoma ikaingia, pole, na wenzake wakaitikia kwa chini. Zumari ilikuja mwishoni kabisa na haikupanda.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja karibu yangu alivua kofia. Wale wenyeji waliovaa manjano walikuwa wamesimama pembeni, na nguo zao ghafla zilionekana za kitoto. Nilimtafuta mume wangu. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yanaingia kwenye ndevu.

Na mie nililia. Nilijua nyumba ile na mlango ule, nilikuwa nimesimama hapo tangu alipofika na sanduku lake la bati. Lakini msidhani wivu ulinitoka. Nililia nikiwa namwonea wivu, tena kuliko siku zote, kwa sababu nilimpa kitu kibaya kwa makusudi na yeye amekifanya kuwa kile.

Kwini wa Kinondoni mwenyewe ndiye aliyevuka uwanja akamvisha wifi yangu kanga yake mabegani. Halafu akashika ile sare, akaipapasa, akauliza, "Nani katia rangi hii?"

Wifi yangu akanyoosha mkono kunionyesha. "Wifi yangu yule. Tuimbe huzuni tumevaa manjano, ingewezekana? Yeye ndiye aliyejua."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilipeana mikono na wanawake nisiowajua. Mume wangu alikuja akasimama kando yangu na kusema, "Sikujua kama kazi yako ni hii." Nilikuwa nimengoja miaka sita aseme kitu kama hicho, na kilipokuja nilitaka ardhi inifunike.

Kesho yake mchana mume wangu alipokuwa ametoka, nilimfuata wifi yangu uani. Alikuwa anaanua ukindu wangu juani, kama alivyozoea kunisaidia.

"Ulijua," nilimwambia.

"Niliisikia misumari ikigonga ndani ya debe ulipokuwa unakoroga."

"Mbona hukusema?"

Aliendelea kukusanya ukindu. "Nilitaka kusema. Nilikuwa nimekasirika, wifi, nilitaka kumwita kaka hapohapo. Kisha nikakiinua kile kitambaa." Alilifunga fungu la ukindu kwa kamba. "Tangu nitoke kwa mume wangu naimba furaha za watu. Harusi, jando, mashindano. Watoto wangu watatu wako Kisarawe, wanapikiwa na mwanamke mwingine. Nilipoiona ile rangi nikajua hiyo ndiyo niliyonayo. Nilikuwa siwezi kuitaja."

Nilimwambia anisamehe.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini usinifanyie tena. Safari nyingine sitaweza kukiokoa." Alinipa lile fungu la ukindu mikononi, na sura yake haikuwa ya tabasamu. Ilichukua muda kabla hajaja kukaa nami tena kibarazani.

Wateja walianza kuja wiki ileile. Walitoka Kinondoni, Ilala, hata Tandale, wakitaka kitambaa au mkeka wa rangi ya ini. Nilijifunza kuitengeneza vizuri, kupima kutu, kujua saa ya kutoa. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyonilisha. Kila mteja alipoisifu nilijibu ahsante, na nikaona aibu, mpaka aibu nayo ikazoeleka. Mume wangu hakuambiwa na yeyote kati yetu, na amekwisha kufariki bila kujua.

Wifi yangu alikaa nasi miaka minne. Katika muda huo nilijaliwa mtoto wa kike, na wifi ndiye aliyempokea. Kisha akaolewa na mkulima mpole wa Kibamba, njia ya kwenda Morogoro, ambako siku hizo ilikuwa pori na mashamba tu. Mume wangu alihuzunika sana. Mie nilihuzunika, na nilifurahi pia kwamba nyumba ni yangu tena, na sikuona haja ya kuchagua kati ya hayo mawili.

Nilimtembelea Kibamba mara mbili. Mara ya pili nilimkuta amewakusanya wanawake wa huko, wakulima, wengine hata Kiswahili chao cha bara kabisa, anawafundisha kuimba wakiwa wanamenya mihogo. Mwanawe mkubwa wa Kisarawe alikuwa amekuja kukaa naye. Alinisogezea kigoda na kisu, nikakaa kwenye duara lao. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio niliitikia. Sauti yangu si nzuri, na wakulima wale hawakujali. Tulimenya mpaka kikapu kikaisha.